Kutoka Ziwani Hadi Bandani, na Kurudi: Karne na Nusu ya Mafua ya Ndege

Mwezi Aprili 1961 buabua walianza kufa kwenye fukwe za Rasi, Afrika Kusini. Buabua ni ndege wa baharini, mwembamba, mwenye mabawa marefu na mkia wa panda. Waliokufa mwaka ule walikuwa wageni: huzaliana Ulaya, kisha hushuka kusini kukimbia baridi. Zaidi ya elfu moja waliokotwa. Mtaalamu wa virusi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, W. B. Becker, alipima mizoga akakuta kirusi cha mafua ambacho leo kinaandikwa H5N3. Ndipo ilipojulikana kwa mara ya kwanza kwamba ndege wa porini wanaweza kufa kwa wingi kwa mafua. Taarifa zikaandikwa, sampuli zikahifadhiwa, na kwa miaka 40 iliyofuata halikuonekana tena jambo la aina hiyo. Wengi wakaliona kuwa la bahati mbaya tu, la mara moja.

Kwa kawaida habari ya ugonjwa huu husimuliwa kuanzia Hong Kong mwaka 1997. Ukianzia hapo unapata hadithi nyepesi: kuku waliugua sokoni, ndege wa porini wakauchukua ugonjwa na kuusambaza duniani. Ukianzia Ulaya mwaka 2022 unapata hadithi nyingine nyepesi, ya ndege wasio na hatia walioambukizwa na wafugaji wenye tamaa. Zote mbili zina ukweli ndani yake, na zote mbili zimewahi kutumiwa na watu waliotaka kumtupia mwenzao lawama. Lakini ukiufuata ugonjwa tangu mwanzo utaona kwamba ulitoka ziwani ukiwa mpole, ukaingia bandani ukageuka muuaji, kisha ukarudi ziwani na ukali wake mpya. Kila hatua ya safari hiyo ina mahali pake na mwaka wake.

Aliyeuandika ugonjwa huu kwanza ni Edoardo Perroncito, daktari wa mifugo wa Torino, kaskazini mwa Italia, mwaka 1878. Kuku wa wakulima walikuwa wakifa haraka mno, na wengi walidhani ni kipindupindu cha kuku. Mwaka 1901 Waitaliano wengine wawili, Centanni na Savonuzzi, walithibitisha kwamba kisababishi chake kinapenya kwenye vichujio vinavyozuia bakteria. Neno virusi kwa maana tunayoijua leo lilikuwa bado changa. Mwaka huohuo ugonjwa ulizuka kwenye maonyesho ya kuku huko Braunschweig, Ujerumani. Maonyesho yalipovunjika, kila mwenye kuku alirudi kwao na kuku wake, na ugonjwa ukasafiri nao. Hakuna ndege wa porini aliyehitajika katika safari hiyo. Matenga na treni vilitosha. Ilichukua zaidi ya nusu karne kumjua adui kwa jina. Mwaka 1955 Werner Schäfer, akiwa Tübingen, alionyesha kwamba tauni ya kuku, kama ilivyoitwa wakati huo, husababishwa na kirusi cha mafua cha kundi A, ndugu wa kile kinachowalaza watu kitandani.

Undugu huo ulizua swali kubwa zaidi: mafua ya watu hutoka wapi? Mwaka 1967 wanasayansi wawili, Robert Webster na Graeme Laver, walikuwa wakitembea kwenye ufukwe wa New South Wales, Australia, wakaona mizoga ya ndege wa baharini imetapakaa mchangani. Huenda ndege wale walikufa kwa uchovu au dhoruba, lakini mizoga ile iliwafanya wawili hao wajiulize kama nao waliuawa na mafua, kama buabua wa Rasi. Wakaanza kwenda kwenye visiwa vya Great Barrier Reef, wakikamata ndege mmoja mmoja, kumpangusa koo kwa kijiti chenye pamba na kumtoa damu. Walipata kwanza alama za kinga mwilini, na mwaka 1972 wakapata kirusi chenyewe. Mwaka huohuo huko California kirusi cha mafua kilipatikana kwa bata mwitu.

Hapo mambo yakaanza kufunguka. Webster na wenzake waligundua kwamba kwa bata kirusi hakikai sana kooni, bali hustawi tumboni, na hutoka kwa kinyesi kwa wingi wa kutisha. Bata mmoja huchafua maji, mwenzake hunywa, naye huchafua bwawa linalofuata. Maji yakiwa ya baridi, kirusi hudumu humo kwa majuma. Na bata mwenyewe haumwi: anakula, anaruka, anatamia. Kwa karne nyingi, pengine zaidi, kirusi na bata walikuwa wamezoeana. Katika ndege wa majini zimepatikana aina 16 za protini iitwayo H na aina 9 za ile iitwayo N. Mchanganyiko wa herufi na namba tunaosikia redioni hutoka humo. Janga la mafua la mwaka 1957 na lile la 1968, yaliyoua watu wengi duniani, yalisababishwa na virusi vilivyokuwa vimeazima baadhi ya jeni zao kwa ndege.

Kila mwezi Mei tangu mwaka 1985 kundi la Webster limekuwa likienda Ghuba ya Delaware, Marekani, wakati ndege wahamao wanapotua kujaza matumbo kwa mayai ya kaa wa kale wanaopanda ufukweni kutaga. Watafiti huinama wakiokota kinyesi kibichi mchangani. Ni kazi isiyo na fahari yoyote, na sehemu kubwa ya yale tunayoyajua kuhusu mafua ya ndege wa porini imetokana na kuinama huko.

Basi upole ule uligeukaje? Jibu lilionekana waziwazi Pennsylvania mwaka 1983. Mwezi Aprili kirusi cha H5N2 kiliingia kwenye mabanda na kikawa kinaleta mafua madogo tu: kuku wanakohoa, mayai yanapungua. Kikaachwa kizunguke. Kufikia Oktoba kilikuwa kimebadilika kidogo sana katika protini yake, na kuku wakaanza kufa kwa wingi. Ndege milioni 17 waliteketezwa kabla ya kukizima. Virusi vya H5 na H7 vina tabia hiyo. Porini, kirusi kinachomuua mwenyeji wake siku ya pili hakifiki mbali, kwa sababu bata mgonjwa haruki. Katika banda lenye maelfu ya kuku wa mbegu moja, waliobanana, kirusi hakina haja ya kusubiri. Kikiua huyu leo, mwingine yuko sentimita chache pembeni. Ukali ambao ziwa lingeuzima, banda linaulea.

Mexico mwaka 1994, Italia mwaka 1999, Uholanzi mwaka 2003: kisa kilijirudia, na Uholanzi peke yake iliteketeza ndege wapatao milioni 30. Kila mara moto ulizimwa bandani. Kirusi kimoja tu kiliponyoka, nacho ndicho tunachopambana nacho hadi leo.

Kilipatikana mwaka 1996 kwa bata bukini aliyeugua katika jimbo la Guangdong, kusini mwa China, ambako tangu miaka ya 1980 ufugaji wa kuku na bata ulikuwa umepanuka kwa kasi. Mwezi Mei 1997 mtoto wa miaka 3 alifariki Hong Kong, na kirusi kilichotolewa mwilini mwake kilikuwa H5N1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kirusi hicho kuonekana kwa binadamu. Kufikia mwisho wa mwaka watu 18 walikuwa wameugua na 6 wamekufa. Siku za mwisho za Desemba serikali ikaamuru kuku wote wa Hong Kong wauawe, wapatao milioni 1.5. Mkurugenzi wa afya wakati huo alikuwa Margaret Chan, ambaye baadaye aliongoza Shirika la Afya Duniani. Uamuzi ule ulisaidia, maana wagonjwa wapya walikoma. Lakini kitovu hakikuwa Hong Kong, kilikuwa ng'ambo ya mpaka, ambako hakuna aliyefunga soko. Desemba 2002 ndege wa majini wakafa katika bustani mbili za Hong Kong, na safari hii miongoni mwa waliokufa walikuwamo ndege wa porini. Tangu Rasi mwaka 1961, hilo halikuwa limeonekana.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2003 ugonjwa ulilipuka Vietnam, Thailand, Indonesia na nchi jirani. Thailand inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu pale ndipo palipoonekana daraja lililounganisha ziwa na banda. Katika tambarare za kati za nchi hiyo, mpunga ukishavunwa, wafugaji huachia makundi ya bata mashambani wale punje zilizodondoka na konokono. Shamba likiisha bata hupakiwa kwenye malori na kupelekwa shamba jingine, wilaya nyingine. Usiku wanalala wazi. Mchana wanachangia maji na ndege wa porini. Bata hao waliweza kubeba kirusi bila kuonyesha dalili, na watafiti walipochora ramani ya milipuko waliona inaelekea kufuata mashamba ya mpunga na bata hawa kuliko inavyofuata kuku. Kwa mkulima, bata ni njia ya kusafisha shamba bila kununua dawa. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Kulikuwa na njia nyingine pia. Oktoba 2004 maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Brussels walimsimamisha abiria aliyetoka Bangkok, na ndani ya mzigo wake wa mkononi wakakuta tai wawili hai, wamechomekwa kwenye mirija ya kusukwa. Walipopimwa, wote wawili walikuwa na H5N1. Tai ni ndege wa porini, ndiyo, lakini walifika Ulaya kwa tiketi ya ndege ya abiria.

Kisha likaja Ziwa Qinghai. Ziwa hili la chumvi liko juu sana, magharibi mwa China, na kila masika ya kule bata bukini wenye milia miwili myeusi kichwani huja kutaga kwenye visiwa vyake. Ni ndege wanaosifika kwa kuruka juu ya milima ya Himalaya. Mwezi Mei 2005 walianza kuyumba, shingo zikipinda, kisha kufa. Ndege zaidi ya 6,000 waliangamia, wengi wao bata bukini hao, na inakadiriwa kwamba kati ya asilimia 5 na 10 ya jamii yao yote duniani ilipotea kwa msimu mmoja. Miezi miwili baadaye kirusi cha nasaba hiyohiyo kilikuwa Siberia. Oktoba kilikuwa Uturuki na Romania. Baridi kali ilipogandisha maji ya eneo la Bahari Nyeusi mwanzoni mwa mwaka 2006, mabata maji walikimbilia magharibi, na mizoga yao ikaonekana Italia, Ugiriki, Ujerumani, hata Scotland.

Afrika ilipata zamu yake Februari 2006. Shamba kubwa la kuku huko Jaji, jimbo la Kaduna, Nigeria, ndilo lililotangazwa kwanza. Katika miezi iliyofuata zikafuata Misri, Niger, Kamerun, Burkina Faso, Sudan, Ivory Coast na Djibouti. Sampuli za Nigeria zilipelekwa maabara ya Padova, Italia, na mtaalamu wake Ilaria Capua akatakiwa aweke ramani ya jeni za kirusi kwenye hifadhi iliyofungwa kwa nywila, inayofikiwa na maabara chache tu. Akakataa. Akaiweka hadharani, na akawaandikia wenzake kuwahimiza wafanye vivyo hivyo. Kwangu mimi hicho ni kitendo kikubwa kuliko mikutano mingi iliyofanyika mwaka ule, kwa sababu jeni zilipoanza kulinganishwa wazi, ubishi wa nani kaleta ugonjwa ukaanza kujibiwa kwa ushahidi. Uchunguzi ulionyesha kwamba kirusi kiliingia Nigeria zaidi ya mara moja, kwa nasaba tofauti. Ndege wahamao walikuwa wakituhumiwa, na biashara ya vifaranga vya kuagiza, halali na ya magendo, nayo ikatuhumiwa. Hakuna jibu moja lililotosha.

Afrika Mashariki haikupata kirusi mwaka ule, lakini hofu ilitufikia. Kenya walaji waliwakimbia kuku, bei zikaanguka, na wafugaji wadogo wakala hasara kwa ugonjwa ambao haukuwapo nchini. Aprili 2006 wataalamu wa ndege, mifugo na mazingira walikutana Nairobi, makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, kujadili suala hilohilo la ndege wahamao. Kambi zilikuwa mbili. Wapo waliowaona ndege wa porini kuwa ndio wachukuzi wakuu. Wahifadhi nao walihofia kwamba watu wangeanza kukausha mabwawa, kukata miti yenye viota na kuwapiga risasi korongo. Hofu yao haikuwa ya bure, maana mapendekezo ya namna hiyo yalikwisha kusikika katika nchi kadhaa. Mwaka uliofuata shamba kubwa la bata mzinga huko Suffolk, Uingereza, lilipopata H5N1, vidole vilielekezwa kwanza kwa ndege wa porini. Uchunguzi ukakuta kirusi kinalingana karibu kabisa na kile cha Hungary, na nyama ya bata mzinga ilikuwa ikisafirishwa kutoka Hungary hadi pale.

Kama historia ingeishia mwaka 2007, ningesema wahifadhi walishinda hoja. Haikuishia hapo.

Mwaka 2014 mzao wa kirusi kile cha Guangdong, sasa kikiwa H5N8, kilitoka Korea Kusini, na katika miezi michache kikawa Ulaya na Amerika Kaskazini. Mabara mawili kwa mkupuo mmoja, tena bila biashara ya kuku hai inayoweza kuunganisha sehemu hizo. Mwaka 2016 jopo la watafiti wa nchi nyingi lilichapisha katika jarida la Science matokeo ya kulinganisha jeni na njia za ndege: mahali palipounganisha pande zote ni mbuga za baridi za Siberia na Aktiki, ambako bata wa Asia, Ulaya na Amerika huzaliana kwenye maji yaleyale. Hapo ushahidi ulikuwa mzito. Nchini Marekani ndege wapatao milioni 50 walikufa au kuteketezwa kati ya mwaka 2014 na 2015, na mara kirusi kilipoingia mabandani, sehemu ya kazi ya kukisambaza ilifanywa na watu, vifaa na magari.

Mwanzoni mwa Januari 2017 ilikuwa zamu ya Ziwa Victoria. Ghuba ya Lutembe iko kati ya Kampala na Entebbe, imezungukwa na mafunjo, na wakati wa miezi ya baridi huko kaskazini hujaa buabua wenye mabawa meupe wanaotoka Ulaya Mashariki na Asia. Ukiingia kwa mtumbwi asubuhi utawakuta wamesimama kwenye visiwa vya matope na mimea inayoelea, maelfu kwa maelfu, wote wakielekeza midomo upande upepo unakotoka. Januari ile wavuvi na wakazi wa ufukweni waliwakuta wakielea wamekufa, wakatoa taarifa. Ndipo serikali ikachukua sampuli, na tarehe 15 Januari ikatangaza: mafua ya ndege yapo Uganda. Bata na kuku wa kufugwa nao walikutwa na ugonjwa upande wa Masaka. Kirusi kilikuwa H5N8. Kenya na Rwanda zikafunga mipaka kwa kuku wa Uganda. Baadaye mwaka huo ugonjwa ukaonekana kwenye mwambao wa Ziwa Albert mkoani Ituri, Congo, na katikati ya mwaka ukawa Zimbabwe na Afrika Kusini, ambako mabanda ya kuku wa mayai na mashamba ya mbuni yalipigwa vibaya.

Yaliyofuata tangu mwisho wa mwaka 2020 hayana mfano katika karne yote iliyotangulia. Zamani kirusi kilitoweka Ulaya wakati wa kiangazi na kurudi na bata wa vuli. Sasa kikakaa mwaka mzima. Januari 2021 mwari weupe 750 walikutwa wamekufa katika hifadhi ya Djoudj, Senegal, kwenye delta ya mto, na hifadhi ikafungwa kwa watalii. Oktoba mwaka huo kwenye kisiwa cha Dyer na maeneo mengine ya Rasi, askari wa hifadhi walishinda kutwa wakiokota minandi wanaokufa. Zaidi ya 20,000 walipotea. Desemba, katika bonde la Hula kaskazini mwa Israel, korongo wapatao 8,000 walikufa. Bonde lile lina mkasa wake: korongo hulishwa mahindi mahali pamoja ili wasiharibu mashamba ya jirani, hivyo makumi ya maelfu hulala kwenye maji kidogo, wamebanana. Hata porini tumeweza kujenga banda.

Kiangazi cha mwaka 2022 ndege wa baharini wanaotaga kwa makundi kwenye majabali ya Ulaya walikufa viotani. Bass Rock, jabali lililo mbele ya mwambao wa Scotland, lina koloni kubwa kuliko zote duniani la gannet wa kaskazini, ndege mweupe anayejitosa baharini kwa kishindo kutafuta samaki. Jicho lake ni la rangi ya samawati iliyopauka. Baada ya ugonjwa, watafiti waliona baadhi ya waliopona wana macho meusi kabisa. Damu zao zilipopimwa, wengi wenye macho hayo walikutwa na kinga ya H5, yaani waliugua wakapona. Alama hiyo imebaki, na sasa watafiti wanaitumia kumtambua kwa mbali ndege aliyepitia janga.

Kirusi kilikuwa kimevuka Atlantiki na kuonekana Newfoundland mwishoni mwa mwaka 2021, kikashuka bara la Amerika hadi Peru na Chile, kikaua mwari na minandi kwa mamia ya maelfu, kisha simba wa baharini. Mwaka 2023 kwenye rasi ya Valdés, Argentina, kiliua watoto wa sili-tembo zaidi ya 17,000, karibu wote waliozaliwa msimu ule. Oktoba kilifika Georgia Kusini, na Februari 2024 kikathibitishwa kwenye bara la Antaktika.

Mwezi Machi 2024 kirusi kilikutwa kwa ng'ombe wa maziwa wa Texas, na hapa somo lote la karne hii linaonekana kwa ukamilifu wake. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba wimbi lile lilianza kwa maambukizi mamoja kutoka kwa ndege. Baada ya hapo ndege hakuwa na kazi tena. Kirusi kilihama jimbo hadi jimbo ndani ya malori ya ng'ombe, na zizini kikapita kwenye mashine za kukamulia. Ndege wa porini alileta cheche; kuni zilipangwa na mwenye zizi.

Kwa binadamu, tangu mwaka 2003 H5N1 imethibitishwa kwa watu zaidi ya 900, na karibu nusu yao wamekufa. Misri peke yake ina zaidi ya 350, wengi wao watu wanaofuga kuku na bata nyumbani, kwenye ua na juu ya mapaa. Kirusi bado hakijajifunza kupita kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Chanjo za ndege zipo, na nchi zinatofautiana kuzitumia. China imechanja kuku wake kwa miaka mingi, na Ufaransa ilianza kuchanja bata wa kufugwa Oktoba 2023. Wanunuzi wa kimataifa huzitilia shaka, kwa hofu kwamba kuku aliyechanjwa anaweza kubeba kirusi bila kuonekana mgonjwa.

Kwetu kuna ugumu wa namna yake, nao una jina ambalo kila mfugaji wa kuku wa kienyeji analijua: mdondo, au kideri. Kila mwaka, hasa majira ya ukame, mdondo hufagia kijiji kizima. Kuku husinzia, hupinda shingo, huharisha kijani, hufa. Dalili hizo kwa macho hazitofautiani na za mafua makali ya ndege. Mfugaji aliyezoea kupoteza kuku ishirini kila kiangazi hana sababu ya kumwita mtu safari hii, na kuku anayesinzia huchinjwa mapema ili asipotee bure. Ndiyo maana naamini chanjo ya mdondo, ile ya tone la jicho inayovumilia joto la vijijini, ni sehemu ya ulinzi dhidi ya mafua ya ndege hata kama haiyazuii hata kidogo. Kuku waliochanjwa wakifa kwa wingi, kijiji kitashtuka, na taarifa itafika wilayani. Pia mfugaji akijua kwamba taarifa yake italeta karantini na kuteketezwa kwa kuku wake bila fidia, atanyamaza, na atauza walio hai kabla hawajaugua. Serikali zetu hazijalizungumza hili kwa uwazi unaotakiwa.

Ndege wahamao wataendelea kuja. Hufika vuli, huondoka masika yakianza, na hakuna mpaka wala bunduki itakayowazuia. Kukausha vinamasi kungewasukuma wabanane kwenye maji machache yaliyobaki, karibu zaidi na kuku wetu. Linalowezekana ni kuwatenganisha: bata wa kufugwa wasishinde ziwani na ndege wa porini, kuku wasinyweshwe maji ya bwawa, viatu vya bandani visivaliwe mwaloni, na kuku wa mnadani asichanganywe na wa nyumbani siku hiyohiyo aliyonunuliwa.

Na wewe msomaji unayeishi karibu na ziwa, bwawa au ufukwe, ukikuta ndege kadhaa wamekufa mahali pamoja, usiwaguse kwa mikono mitupu, usiwatupie mbwa, usiwapeleke jikoni. Mpigie afisa mifugo wa kata au ofisi ya wanyamapori siku hiyohiyo, umweleze ni ndege wa namna gani, ni wangapi na uliwaona wapi. Ugonjwa wa mwaka 2017 ulijulikana Uganda kwa sababu wavuvi wa Lutembe walitoa taarifa.